Kusafisha ngazi, uwanja na sakafu za zege kwa javeli: mwongozo kwa wanaoishi Kigali

Mvua zinaponyesha Kigali, kati ya mwezi wa 3 na wa 5, na tena kati ya mwezi wa 9 na wa 12, zege la nje hubadilika rangi. Ngazi za kushukia nyumbani, sehemu ya kufulia nguo, njia ya kwenda chooni na uwanja wa mbele ya mlango hupata utando wa kijani au madoa meusi. Utando huo huteleza kama sabuni. Katika mji wa vilima kama huu, ambapo nyumba nyingi hufikiwa kwa ngazi, mtu mmoja akiteleza na dumu la lita 20 anaweza kuvunjika mkono au nyonga. Mzee akianguka hivyo, huenda asirudie kutembea kama zamani.

Familia nyingi husafisha zege kwa javeli, ambayo waliotoka Tanzania, Kenya au Uganda huiita jiki. Ni dawa nzuri ikitumiwa vizuri. Ikitumiwa vibaya, huunguza macho, huharibu mapafu, na mtoto akiinywa huweza kuumia vibaya. Mwongozo huu ni kwa wakimbizi wa mjini na kwa majirani wao wenyeji, kwa sababu mara nyingi wanaishi katika uwanja mmoja wenye ukuta, igipangu kama tunavyouita hapa, na hutumia bomba moja, choo kimoja na ngazi moja.

MAMBO MUHIMU KWA UFUPI

- Safisha kwanza kwa ufagio, maji na sabuni. Javeli huja mwisho.
- Usichanganye javeli na kitu kingine chochote isipokuwa maji baridi.
- Usiweke kamwe javeli katika chupa ya soda, ya maji au ya maziwa.
- Pima. Usikadirie kwa macho.
- Acha dawa ikae dakika 10, halafu suuza kwa maji mengi.
- Kabla ya kumwaga maji ya suuza, angalia yatakapokwenda.
- Kwa dharura ya afya piga 912. Simu hiyo ni ya bure.

JAVELI NI NINI?

Javeli ni maji yenye dawa iitwayo hipokloriti ya sodiamu. Jina lenyewe limetoka Javel, kijiji kilichokuwa karibu na Paris, Ufaransa, ambako dawa hii ilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1700 kwa ajili ya kung'arisha vitambaa. Baadaye ikajulikana kwamba inaua pia vijidudu.

Watu wa kanda hii wanajua thamani ya klorini kuliko wengi. Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi waliovuka kuingia Goma walikuta maji machache na vyoo vichache. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Miaka 30 baadaye, tarehe 27 mwezi wa 9 mwaka 2024, Rwanda ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg. Watu 66 walithibitishwa kuugua na 15 wakafariki, kabla ya mlipuko kutangazwa umekwisha tarehe 20 mwezi wa 12. Katika magonjwa ya namna hii, kusafisha sakafu na vifaa kwa klorini ni sehemu ya kazi ya kila siku ya wahudumu.

Lakini uwanja wa nyumbani si wodi ya hospitali. Uchafu wa kawaida, yaani vumbi, udongo na mabaki ya chakula, hauhitaji javeli. Ufagio, sabuni na maji vinatosha.

WAPI JAVELI INAFAA, NA WAPI HAIFAI?

Javeli inafaa kwa:

- Utando wa kijani unaoteleza kwenye ngazi na njia.
- Madoa meusi ya ukungu kwenye zege lisilopata jua.
- Sakafu ya choo na bafu baada ya kuoshwa.
- Mahali mgonjwa alipotapika au kuhara, baada ya kuondoa uchafu.
- Sakafu iliyoingiwa na maji ya mafuriko, baada ya kuondoa tope.

Javeli haifai kwa:

- Udongo mwekundu. Rangi ya udongo wa Kigali inatokana na chuma kilichomo ndani yake, na javeli haiiondoi. Sugua kwa brashi ngumu na sabuni.
- Madoa ya kutu, kwa mfano chini ya tangi, geti au pikipiki ya zamani. Javeli huweza kuyafanya yashike zaidi.
- Mafuta ya gari au ya kupikia. Nyunyiza mchanga, majivu au unga wa mbao, acha unyonye, fagia, kisha sugua kwa sabuni na maji ya moto.
- Unga mweupe unaotokeza juu ya zege au chini ya ukuta. Hiyo ni chumvi inayotoka ndani ya saruji pamoja na unyevu. Ikwangue ikiwa kavu kwa brashi, halafu tafuta maji yanaingilia wapi.
- Sakafu iliyopakwa nta. Javeli huivua nta na kuacha mabaka.

JINSI YA KUSOMA CHUPA

Javeli zote hazina nguvu sawa. Chupa nyingi za nyumbani zina klorini kati ya asilimia 3 na 6. Maandishi yakiwa ya Kifaransa, tafuta maneno "chlore actif" na asilimia iliyo karibu nayo. Chupa nyingine huonyesha nyuzi badala ya asilimia. Nyuzi 12 ni sawa na takriban asilimia 3.6.

Kama chupa haina maandishi, au umeuziwa kwa kipimo katika chupa tupu, huwezi kujua nguvu yake. Ni heri kununua chupa ndogo iliyofungwa kiwandani kuliko kubwa isiyojulikana ilikotoka. Angalia pia tarehe. Javeli hupoteza nguvu polepole, hasa ikikaa juani au mahali pa joto. Chupa iliyofunguliwa na kukaa miezi mingi inaweza kuwa na harufu lakini isifanye kazi.

JINSI YA KUPIMA

Kwa nyumbani vipimo viwili vinatosha.

Kipimo cha nguvu (asilimia 0.5). Ni kwa utando wa kijani, ukungu, sakafu ya choo, na mahali palipokuwa na matapishi, kuhara au damu.

- Javeli ya asilimia 5: kikombe 1 cha javeli kwa vikombe 9 vya maji.
- Javeli ya asilimia 3.5 (karibu nyuzi 12): kikombe 1 cha javeli kwa vikombe 6 vya maji.

Kipimo chepesi (asilimia 0.1). Ni kwa kufutia sakafu ambayo tayari ni safi, kwa mfano nyumba ikiwa na mgonjwa.

- Javeli ya asilimia 5: kikombe 1 kwa vikombe 49 vya maji.
- Javeli ya asilimia 3.5: kikombe 1 kwa vikombe 34 vya maji.

Ikiwa chupa yako ina asilimia nyingine, hesabu ni rahisi. Gawanya asilimia ya chupa kwa asilimia unayoitaka, kisha toa 1. Jibu ni idadi ya vikombe vya maji kwa kila kikombe kimoja cha javeli. Mfano: 4 gawanya kwa 0.5 ni 8. Toa 1, unabaki na 7. Basi ni vikombe 7 vya maji.

Tumia kikombe kimoja kwa kazi hii tu. Kipige alama kwa rangi, na usikirudishe jikoni.

Usiongeze javeli ukidhani uchafu utatoka haraka. Utando ukibaki, rudia kazi siku nyingine kwa kipimo kilekile. Javeli tupu isiyochanganywa na maji haisafishi zege vizuri zaidi, bali huongeza hatari na gharama.

VIFAA VYA KUANDAA

- Ndoo ya plastiki. Usitumie ndoo ya bati wala sufuria ya alumini, kwa kuwa javeli hula chuma.
- Brashi ngumu yenye mpini mrefu, ili usiiname karibu na dawa.
- Ufagio na kipande cha mbao au sepeto ya kukwangulia.
- Glovu za mpira. Kama huna, mifuko migumu ya plastiki iliyofungwa kwenye vifundo vya mikono ni afadhali kuliko mikono mitupu, ila isiwe na tundu.
- Miwani ya aina yoyote inayofunika macho.
- Viatu vya mpira vilivyofungwa, kama buti za mvua. Kandambili hazifai kwa sababu huteleza na huacha miguu wazi.
- Nguo za zamani. Tone moja la javeli huacha doa lisilotoka kwenye kitenge.
- Maji safi ya kutosha, karibu nawe, kabla hujafungua chupa. Kama bomba limekauka siku hiyo na una dumu moja tu la kunywa na kupikia, ahirisha kazi. Javeli isiyosuuzwa ni hatari kuliko utando wa kijani.

Barakoa ya kitambaa haizuii hewa ya klorini. Kinachokulinda ni hewa inayopita: fanya kazi nje, au ukiwa ndani fungua mlango na madirisha yote.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua wakati. Asubuhi ndiyo bora, mvua isipokuwepo. Jua la mchana hukausha dawa kabla haijafanya kazi, na mvua huisomba mpaka kwa jirani. Wengi hufanya usafi wa uwanja Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, wakati majirani wote wapo na wanaweza kusaidiana.

2. Waambie watu. Wajulishe wenzako wa uwanja kwamba ngazi au njia itafungwa kwa saa moja. Watoto, kuku, mbuzi na mbwa waondoke. Anua nguo zilizoanikwa karibu, na ondoa vyombo vya chakula na madumu ya maji.

3. Fagia na kwangua. Ondoa majani, udongo na tabaka zito la kijani zikiwa bado kavu. Kila unachokikwangua sasa kinakupunguzia javeli baadaye, kwa sababu klorini huisha nguvu inapokutana na uchafu.

4. Osha kwa sabuni na maji, kisha suuza. Usiruke hatua hii. Sabuni iondoke kabisa kabla ya javeli.

5. Acha zege likiwa na unyevu. Zege lina vitundu vidogo vingi. Likiwa kavu kabisa litainywa dawa badala ya kuiacha juu kwenye utando. Mwagilia pia mimea iliyo pembeni, ili majani yake yasishike dawa kwa urahisi.

6. Changanya dawa. Weka maji kwanza kwenye ndoo, kisha mimina javeli taratibu isirukie usoni. Tumia maji baridi, kwa sababu maji ya moto hutoa mvuke na huvunja dawa. Changanya kiasi cha siku hiyo tu. Kilichochanganywa jana hakiaminiki leo.

7. Paka. Anzia juu ukishuka chini kwenye ngazi, na anzia ndani ukitoka nje kwenye uwanja, usije ukakanyaga ulipopaka. Tumia brashi au ufagio. Usiinyunyize kwa bomba la kupulizia, kwa sababu matone madogo huingia machoni na kwenye mapafu.

8. Subiri dakika 10. Sehemu ikianza kukauka, ongeza dawa kidogo. Kaa mbali, upande upepo unakotoka.

9. Sugua, kisha suuza mara mbili. Ukimaliza, pitisha mkono wenye glovu: zege likiwa bado linateleza, suuza tena. Sukuma maji kwa ufagio au kwa kifuta maji cha mpira.

10. Osha vifaa, glovu na mikono yako kwa sabuni. Wanaotembea peku na watoto wanaotambaa wasirudi mpaka zege likauke kabisa.

VITU AMBAVYO HUPASWI KUCHANGANYA NA JAVELI

Sehemu hii msomee kila mtu anayefanya usafi nyumbani kwako, hata kama hajui kusoma.

Javeli na asidi. Siki, ndimu, dawa kali ya kuondoa ukoko wa choo, na asidi ya betri ambayo baadhi ya watu huitumia chooni, vyote vikikutana na javeli hutoa gesi ya klorini. Gesi hii ilitumiwa kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Javeli na amonia. Amonia imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, na pia hutokea katika mkojo uliokaa. Vikikutana na javeli hutoa gesi inayochoma macho na kifua. Kwa hiyo sakafu ya choo na kona ambazo watoto hukojoa lazima zimwagiwe maji mengi na kuoshwa kwa sabuni kwanza. Usimimine javeli nyingi ndani ya shimo la choo. Inatoa gesi, na pia inaua vijidudu vinavyosaidia kuozesha kinyesi.

Javeli na spiriti. Nazo zikikutana hutengeneza sumu.

Watu wengi hawakusudii kuchanganya. Mmoja humwaga dawa ya choo asubuhi, mwingine wa familia ya pili anakuja mchana na javeli. Katika choo cha pamoja, kubalianeni: dawa ya aina moja tu, na siku ya kusafisha ijulikane na wote.

CHUPA YA SODA: HATARI ILIYO NDANI YA NYUMBA

Kwa sababu javeli ya kupima ni nafuu, watu huinunua kidogo kidogo na kuibeba katika chupa ya maji au ya soda. Mtoto wa miaka miwili hawezi kutofautisha. Hata mtu mzima aliyetoka kazini na kiu, usiku, umeme ukiwa umekatika, anaweza kukosea.

- Acha javeli katika chupa yake, na kifuniko kikiwa kimekazwa.
- Iweke juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti. Kama chumba ni kimoja, itundike ukutani ndani ya mfuko, mbali na jiko na mbali na chakula.
- Ukilazimika kugawana na jirani, mchanganyie ndoo yake ya kazi ya siku hiyo. Usimpe chupa.
- Dawa iliyobaki kwenye ndoo isiachwe wazi hata dakika moja. Mtoto mdogo anaweza pia kuzama ndani ya ndoo.

Dawa ya kutibu maji ya kunywa, kama Sûr'Eau, ni kitu kingine. Nayo ina klorini, lakini hutengenezwa na kupimwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Usitumie javeli ya sakafu kutibu maji kwa kukadiria, kwa kuwa baadhi zina manukato na viungo visivyofaa kunywewa.

MAJI YA SUUZA YANAKWENDA WAPI?

Kigali hakuna maji yanayobaki pale yalipomwagwa. Ukisafisha uwanja wako juu ya kilima, maji yanapita mlangoni kwa jirani wa chini, kwenye bustani yake ya dodo na maharage, halafu yanaingia kwenye ruhurura, ule mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Kutoka hapo huingia mabondeni, kwenye mto Nyabugogo, kisha Nyabarongo na Akagera, hadi Ziwa Victoria.

Magomvi mengi ya uwanjani huanza na ndoo ya maji. Mkimbizi aliyehamia karibuni, ambaye hajazoeana na majirani, huumia zaidi ugomvi kama huo ukifika kwa mwenye nyumba. Yafuatayo yanasaidia:

- Tumia dawa kidogo. Kwa ngazi chache na mbele ya mlango, lita 5 kwa kawaida zinatosha.
- Mjulishe jirani wa chini kabla ya kuanza, ili aondoe nguo, kuku na watoto.
- Elekeza maji kwenye shimo la maji machafu kama lipo. Kama halipo, zuia kwa matambara ya zamani, yaloweshe na kuyakamua kwenye ndoo, kisha mimina kwenye udongo mtupu usio na mimea, mbali na chanzo cha maji.
- Usimwage ndoo ya dawa moja kwa moja kwenye mfereji wa mvua.

MGONJWA AKIWA NYUMBANI

Mtu akitapika au kuhara sana sakafuni, vaa glovu, funika uchafu kwa matambara au karatasi, uondoe na kuutupa chooni au kuufunga vizuri. Osha kwa sabuni. Halafu paka kipimo cha nguvu, subiri dakika 10, suuza. Dawa ikimwagwa juu ya matapishi yenyewe hupoteza nguvu bila kufanya kazi. Usimpulizie wala kumpaka mgonjwa javeli. Kwa kuhara kama maji kusikokoma, mwahishe kituo cha afya na muanzishie maji ya chumvichumvi ya kuzuia ukavu njiani. Mwarifu pia mhudumu wa afya wa mtaa, umujyanama w'ubuzima.

BAADA YA MAFURIKO

Mafuriko ya mwezi wa 5 mwaka 2023 yaliua zaidi ya watu 130 katika magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mjini nako, nyumba za mabondeni huingiwa na maji kila msimu, yakiwa yamechanganyika na ya vyoo. Maji yakiondoka, fuata mpangilio huu: toa tope lote kwa sepeto, osha kwa sabuni, suuza, paka kipimo cha nguvu, suuza, acha milango wazi sakafu ikauke. Kabla ya yote hayo, hakikisha ukuta haujaegemea wala kupasuka, na umeme umezimwa.

JE, JAVELI INAHARIBU ZEGE?

Ikitumiwa mara chache, kwa kipimo, na kusuuzwa, haina madhara makubwa. Ikimwagwa kila wiki bila kusuuzwa, uso wa saruji hudhoofika na kuanza kutoa vumbi. Hatari kubwa zaidi ni kwa chuma. Chumvi inayobaki baada ya javeli huharakisha kutu. Ukiona ngazi au kibaraza kimepasuka na nondo zinaonekana, usipitishe javeli hapo. Piga picha na umjulishe mwenye nyumba mapema, ili baadaye asidai kwamba wewe ndiye uliyeharibu. Geti, milango ya bati na bawaba zikirushiwa, zioshe kwa maji papo hapo.

KWA WANAOFANYA KAZI ZA USAFI

Wakimbizi na wenyeji wengi mjini hujipatia riziki kwa kufua na kusafisha nyumba za watu. Anayegusa javeli kila siku hudhurika kuliko anayeitumia mara moja kwa mwezi: ngozi hupasuka, kikohozi hakiishi, pumu huzidi. Una haki ya kuomba glovu, kufungua madirisha, na kuuliza ni dawa gani tayari imemwagwa chooni kabla hujaanza. Ukiamriwa kuchanganya dawa mbili "ili zing'arishe", kataa na ueleze sababu. Mwenye pumu asifanye kazi hii mahali pasipo na hewa. Mjamzito naye ajiepushe na harufu kali, na amwachie mwingine kama inawezekana.

IKITOKEA AJALI

Imeingia jichoni. Fungua jicho na uoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Usisugue. Kisha nenda kituo cha afya.

Imemwagikia ngozi au nguo. Vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi. Ngozi ikichubuka au kuvimba, mwone mhudumu.

Umevuta gesi. Toka nje mara moja na uwatoe wengine. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, kwa hiyo usikae wala kulala chini hapo ndani. Usirudi kuchukua ndoo. Kifua kikibana, kukiwa na kikohozi kisichokoma au kupumua kwa shida, piga 912. Hata ukipata nafuu, uwe na mtu karibu nawe: shida ya mapafu inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Mtu amekunywa. Usimtapishe, kwa sababu dawa itaunguza koo mara ya pili. Msukutulishe mdomo, mpe maji kidogo kidogo kama ana fahamu na anaweza kumeza. Usimpe ndimu wala siki. Piga 912 au mpeleke kituo cha afya, na beba chupa ya javeli ili mhudumu aone ni dawa gani na ina nguvu kiasi gani.

Ukipiga simu, taja umurenge, akagari na umudugudu ulipo, pamoja na alama inayojulikana, kama kanisa, msikiti au kituo cha basi. Kama hujui Kinyarwanda vizuri, mwambie jirani akusemee. Chukua kitambulisho cha mkimbizi na kadi ya bima kama viko karibu, lakini usicheleweshe safari kwa kuvitafuta. Kwa maswali ya afya yasiyo ya dharura, piga 114, nayo ni ya bure.

KUZUIA UTANDO USIRUDI

Utando wa kijani hurudi mahali penye maji na kivuli. Javeli huuondoa, lakini haiondoi sababu. Ziba bomba linalovuja. Rekebisha mfereji wa paa unaomwaga maji kwenye ngazi. Punguza matawi yanayozuia jua. Fagia majani kila siku mbili au tatu wakati wa mvua. Usiache maji ya kufulia yakae kwenye zege. Palipo na utando mwepesi, maji yanayochemka na brashi ngumu hutosha bila dawa yoyote, na hayana harufu wala ugomvi. Uangalifu tu, usiungue.

Kama ngazi ni ya pamoja, gawaneni zamu. Mkeka wa mchanga kidogo kwenye ngazi inayoteleza, au kamba ya kushikia pembeni, unaweza kumsaidia bibi wa nyumba ya tatu msimu huu wa mvua, hata kabla hamjapata fedha za kununua javeli.